Maharage ya Afande

Jumatatu, tarehe kumi na sita Machi. Mawingu mazito yalifunika mji tangu alfajiri, lakini mvua haikunyesha. Watu wa hosteli walisema wiki nzima iliyopita ilikuwa hivyo hivyo, jua likichungulia kidogo na kurudi ndani kama mgeni asiyekaribishwa.

Afande alikuwa amerudi chuoni jana yake jioni, akalala na uchovu wa safari bila hata kufungua begi. Asubuhi hiyo, kabla ya chai, alishika njia ya banda la kitalu kwenda kuyaangalia maharage. Alipita nyuma ya kumbi za mihadhara, akapita kantini ambako meza zilikuwa bado zimegeuzwa miguu juu, akaruka mtaro uliojaa majani, akafika kwenye banda lenye kuta za wavu na paa la plastiki nyeupe. Harufu ilimpokea kabla macho hayajaona kitu. Ilikuwa harufu ya tope lililolala, kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo.

Maharage yalikuwa yamekufa, isipokuwa machache yaliyokuwa yakikata roho. Majani yalikuwa yamegeuka manjano, mashina yamelegea na kulala juu ya udongo. Sahani zilizowekwa chini ya vyungu vya plastiki zilikuwa zimejaa maji pomoni, na viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikijinyonganyonga humo kwa raha zao. Juu ya udongo wa vyungu kadhaa palikuwa na punje nyeupe za mbolea, na mbolea hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Alisimama pale mikono kiunoni, asiseme neno. Mtunza banda aliyekuwa akifagia alisimamisha ufagio akamtazama kwa wasiwasi, maana kumwona Afande kimya ni kama kumwona jogoo akitaga.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata mwaka wa kwanza, siku ya kuandikishwa vyumba, foleni ilipovunjika na watu wakaanza kusukumana mlangoni. Alipanda juu ya sanduku lake la bati akawapanga mmoja mmoja, mpaka karani wa vyumba naye akajikuta amekaa vizuri kwenye kiti. Kuanzia hapo akawa Afande. Ni binti mfupi, mwenye mwendo wa haraka, anayepiga pasi hata leso, na anayeamini kwamba jambo lolote likiachiwa wengine litaharibika. Mara nyingi alikuwa amesema kweli, na hilo halikumsaidia kupata marafiki.

Chuo chao ni cha wastani, katika mji mdogo wenye barabara moja ya lami ya maana. Si kikubwa cha mtu kupotea, wala si kidogo cha watu kuishi kama ndugu. Kila mmoja anamjua mwenzake kwa sura na kwa aibu zake, ila jina lake halisi halijui. Ndiyo maana kikundi cha Afande kilikuwa na Profesa, Mtandao na Godoro, na ukiwauliza wao kwa wao majina ya kwenye vyeti wangeanza kutazamana.

Wanafunzi wa kilimo wa mwaka wa mwisho hugawanywa makundi ya watu wanne kufanya utafiti mmoja. Hawachaguani, mhadhiri msimamizi, wanayemwita Dakta, ndiye anayewachanganya. Profesa alikuwa kijana wa maneno mengi ambaye hakuwahi kusoma kitabu mpaka mwisho, lakini angeweza kukizungumzia kuanzia chai hadi chakula cha mchana. Mtandao alikuwa dada wa simu mkononi, ambaye ukimpigia husema "niko njiani" na huku unasikia maji ya bafu yakimwagika. Na Godoro, masikini, alikuwa analala. Alilala darasani, maktabani na kwenye benchi la kantini, na siku moja alilala amesimama akishika rula ya kupimia mimea.

Afande alifungua kundi la simu la wanakikundi tangu wiki ya kwanza. Akiandika, "Kesho saa mbili kitaluni, tafadhali," majibu yalikuja haraka. "Sawa." "Poa kabisa." "Tuko pamoja." Na kesho yake saa mbili alikuwa anafika yeye na kivuli chake. Kwa hiyo alichanganya udongo peke yake, akapanda mbegu peke yake, akafunga utepe wa rangi kwenye kila chungu peke yake: vyekundu vya kumwagiliwa kila siku, vya njano siku moja baada ya nyingine, na vya bluu mara mbili tu kwa wiki. Utafiti wenyewe ulikuwa ni huo, kuona maharage yanavyokua kwa maji mengi, ya kiasi na machache. Mtoto wa shule ya msingi angeuelewa.

Dakta naye alikuwa na utaratibu wake. Mwenyekiti wa kikundi aliruhusiwa kumkata mwanakikundi mtegaji. Akishakatwa, anarudia somo mwaka unaofuata, na kama uzembe wake umeharibu kazi, waliobaki wanaongezewa muda. Afande, mwenyekiti wao, alikuwa amelitumia tishio hilo kama chumvi. "Nitakata mtu," aliandika karibu kila wiki. Hakukata hata mmoja. Mara walipoona hakati, wakazoea.

Kisha mama yake akafanyiwa operesheni ya jicho, na ikabidi aende nyumbani kumwangalia kwa wiki nzima, kwa sababu mdogo wake wa kike alinyimwa ruhusa dukani anakofanya kazi. Huyo mdogo wake alifaulu shule mwaka juzi, akapata nafasi ya chuo, akaiacha, kwa kuwa nyumba ile haiwezi kusomesha wawili kwa mpigo. Walikubaliana kwa zamu: dada amalize kwanza. Mwaka huu nafasi imepatikana tena, na Afande akirudia mwaka, zamu haigeuki.

Kabla ya kusafiri, alifanya jambo ambalo aliliona ni la akili. Aliacha kuandika kwenye kundi, maana kundini kila mmoja humtegea mwenzake, akamwita kila mmoja faraghani. Mtandao alimkuta kwenye ngazi za hosteli, Profesa nje ya maktaba, Godoro alimwamsha. Kila mmoja alimkumbusha rangi ipi inapata maji mara ngapi, kisha akamwambia maneno yale yale, kwa sauti ya chini.

"Hawa wengine siwaamini. Wewe peke yako ndiye ninayekuamini. Mwagilia maharage mpaka nirudi, na usiwaambie, wakijua watakuachia mzigo halafu watadai sifa."

Na kila mmoja alijisikia vizuri. Hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo.

Sasa, Jumatatu hiyo asubuhi, aliwaita wote kitaluni. Ajabu ya mwaka, wote walikuja, tena kwa wakati, na kila mmoja alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Haya," Afande alisema. "Nani alimwagilia?"

"Mimi," walisema watatu kwa pamoja, kisha wakageukiana.

"Wewe ulimwagilia lini?" Profesa alimuuliza Godoro.

"Alfajiri. Kila siku."

"Alfajiri ya wapi? Wewe?"

"Niliweka simu iniamshe. Nikaiweka ndani ya sufuria ili ipige kelele zaidi. Muulize mwenzangu wa chumbani, mpaka leo hanisemeshi."

"Mimi nilikuja mchana," Mtandao alisema. "Wiki nzima sijala kantini kwa ajili ya haya maharage."

"Na mimi jioni," Profesa alisema. "Baada ya kipindi."

Afande alifumba macho, akafumbua. Maharage yalikuwa bado pale.

"Godoro. Hukuona udongo umelowa?"

"Niliona. Nikajua ni maji yangu ya jana. Si unaona mawingu, hakuna kitu kinachokauka, hata soksi zangu."

"Sasa kama umelowa, ulimwagilia wa nini?"

"Ulisema nimwagilie."

"Vyekundu kila siku, vya njano baada ya siku, vya bluu mara mbili. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema. Lakini uliniamsha, ukasema, ukaondoka. Asubuhi nikakumbuka rangi, ila ipi ni ipi ikanipotea. Nikaona heri kuzidisha kuliko kupunguza. Nikavinywesha vyote."

"Hukuweza kuniuliza?"

"Ulisema unaniamini. Ningeanzaje kuuliza?"

Afande alimgeukia Profesa. Huyu alikuwa tayari amekunja mikono kifuani kama aliye mbele ya darasa.

"Mimi nilizifuata rangi mwanzoni," Profesa alisema. "Kisha nikaona majani yanageuka manjano. Nikatafakari. Mmea ukikosa maji majani hugeuka manjano, sivyo? Nikahitimisha kwamba ni kiu. Nikaongeza."

"Ni kiu," Afande alirudia polepole. "Sahani imejaa maji, mbu wanalea watoto humo, wewe mwanafunzi wa kilimo mwaka wa tatu unasema ni kiu."

"Sahani sikuiangalia. Niliangalia majani."

"Na mbolea?"

Mtandao aliiweka simu mfukoni, jambo ambalo peke yake lilikuwa ni kukiri.

"Dada, usinikasirikie. Niliona manjano nami nikatafuta kwenye simu. Ikaniambia ni upungufu wa mbolea. Kuna mfuko kule stoo, nikachota kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kuonekana."

Afande alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Muhula mzima alikuwa anawasukuma watu hawa kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani, na leo limewaka lenyewe, likashuka kwa kasi na kumgonga aliyekuwa akilisukuma. Wangekuwa wamelala wote kama kawaida yao, vile vya bluu vingepona. Uvivu wao ungemwokoa. Angekuwa na la kusema, angewalaumu hadi jioni, na lawama zingekuwa halali.

"Tumebakiwa na wiki tatu kuwasilisha," alisema. "Vipimo vya wiki iliyopita hatuna. Vya wiki zinazokuja hatuna, labda tupime maiti."

"Vipimo vinapikika," Profesa alisema.

"Nini?"

"Tupike takwimu, Afande. Usinitazame hivyo. Watu wanapika. Una vipimo vya mwanzo, unajua yalikuwa yanakwenda vipi, unaendeleza tu pale pale. Maharage ni maharage, yatakwenda wapi?"

"Dakta anakuja kukagua vyungu Ijumaa."

"Basi tununue miche sokoni."

"Tununue miche iliyomwagiliwa kwa rangi tatu? Nani anaiuza?"

Mtandao ndiye aliyesema lile ambalo Afande mwenyewe lilikuwa limempitia kichwani tangu alipoiona ile mbolea.

"Kuna ule utaratibu wa kukata mtu. Mmoja akikatwa, wengine tunaongezewa muda. Sisemi nani. Nasema tu kwamba upo."

Hakusema nani, lakini macho yao yalijua njia. Godoro aliyaona. Alijikuna shavu lenye alama ya mto, akachuchumaa kando ya chungu kimoja chenye utepe wa bluu.

"Niandikeni mimi," alisema. "Semeni nilipewa zamu nikafungulia maji nikalala, mkakuta vyungu vimefurika. Dakta hatauliza swali la pili. Hata mama yangu ataamini."

"Nyamaza wewe," Afande alisema.

"Nasema kweli. Wewe una mdogo wako anasubiri. Mimi kwetu ni wa mwisho, nyuma yangu hakuna foleni."

Afande alisimama, akaondoka bila kuaga. Alizunguka uwanja wa michezo mara nyingi kuliko alivyokusudia, akifoka moyoni. Aliwafokea wale watatu, akalifokea jua, akamfokea mtaalamu wa ndani ya simu aliyesema mbolea. Kilichomkera zaidi ni kwamba uongo ule ulikuwa mzuri. Ulikuwa umeshonwa tayari, kazi ilikuwa ni kuuvaa tu. Angemaliza mwaka, mdogo wake angefunga mizigo, na Godoro angerudia somo huku akilala kwenye benchi lile lile. Nani angedhurika? Mtu mmoja tu, tena yule pekee aliyeamka alfajiri.

Alasiri aligonga mlango wa Dakta. Ofisi ilikuwa ndogo, imejaa bahasha za mbegu, na Dakta alikuwa anamenya chungwa juu ya gazeti.

"Karibu, mwenyekiti. Maharage hayajambo?"

"Yamekufa, Dakta."

Dakta aliliweka chungwa chini. "Yote?"

"Yaliyobaki hayafiki Ijumaa. Maji yamezidi. Na mbolea."

"Nilijua. Nilipowachanganya nilijua." Dakta alivuta kalamu. "Yule anayelala, siyo? Nilimwona juzi amelalia mlango wa maabara. Haya, niandike nani?"

Kalamu ilikuwa imeshuka kwenye karatasi. Afande aliitazama ncha yake.

"Hakuna wa kumwandika. Hakuna aliyetega."

"Kama hakuna aliyetega, maharage yamekufa kwa nini?"

"Wote walifanya kazi, hata huyo anayelala aliamka alfajiri wiki nzima. Ndilo tatizo lenyewe. Kila mmoja alimwagilia akidhani yuko peke yake."

"Hawakuambizana?"

"Niliwakataza wasiambizane."

"Kwa nini?"

"Niliona wakijua wataachiana. Kila mmoja nikamwambia ndiye pekee ninayemwamini."

"Na ulikuwa unamwamini yupi?"

Afande alifikiri kutafuta jibu la heshima, akalikosa. "Hakuna, Dakta."

Dakta alianza kucheka, kicheko cha tumbo kisicho na haraka, mpaka ikabidi afute macho kwa mkono wenye maji ya chungwa, na macho yakazidi kumwaga machozi. Afande alisimama wima. Hakuona cha kuchekesha.

"Sasa nisikilize," Dakta alisema alipopata pumzi. "Muda hauongezwi. Muda unaongezwa pale mmoja anapowaangusha wenzake. Nyinyi mmeangushana wote, na mwenyekiti ameongoza. Tarehe ya kuwasilisha haisogei."

"Kwa hiyo tunarudia mwaka?"

"Nimesema hivyo? Maharage huota upesi. Pandeni upya leo au kesho, pimeni kwa hizi wiki tatu zilizobaki. Na mwandike kwenye ripoti kilichotokea, chote, pamoja na mbolea. Ripoti fupi, alama fupi. Mtafaulu kwa kupenya tu, na alama ya juu uisahau. Lakini mtamaliza."

Afande alishusha pumzi. Alama za juu alikuwa amezipigania tangu mwaka wa kwanza. Alizitazama zikiondoka, na alishangaa kuona kwamba anaweza kusimama bila kushikilia meza.

"Asante, Dakta."

"Sijamaliza. Unashuka uenyekiti. Kuanzia leo mwenyekiti ni yule anayelala."

"Dakta, yule hata saa hajui..."

"Aliamka alfajiri wiki nzima. Umesema mwenyewe. Yeye ndiye atakayepanga zamu, na atazipanga mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika. Wewe utafanya utakaloambiwa. Ukigusa maji bila zamu yako, nitasikia." Akalichukua chungwa lake. "Funga mlango taratibu, una bawaba mbovu."

Jioni Afande aliwapa wenzake habari, wamesimama nje ya kantini. Mtandao alishika kifua. Profesa alisema alitarajia hivyo. Godoro aliposikia cheo chake, alikaa chini.

"Mnanitania," alisema.

"Natamani," Afande alisema.

Baadaye alimpigia simu mdogo wake. Hakumwambia yote. Alimwambia kwamba matokeo hayatakuwa ya kujivunia, lakini yatatoka.

"Dada, unamaliza au humalizi?"

"Namaliza."

"Basi mengine utanihadithia. Nimebakiwa na wateja dukani."

Godoro aliandika kwenye kundi la simu: kesho saa moja, kitaluni, wote. Majibu yakaja. "Sawa." "Tuko pamoja." Afande aliyatazama majibu hayo, akaandika onyo refu, akalifuta. Akaandika "Sawa."

Asubuhi yake, Jumanne, alifika saa moja kasoro, akakuta banda halina mtu. Saa moja ikapita. Alivua viatu, akakunja mikono ya shati, akavuta vyungu vya kwanza, akakung'uta tope lake kwenye shimo la takataka, akaanza kuvisugua kwa brashi. Alisugua kwa hasira, akinung'unika, utepe wa zamani ukitoka vipande vipande. Alikuwa amefika chungu cha tano Godoro alipotokea akikimbia, kamba za viatu zikiburuzika, na nyuma yake wale wawili wakitembea kama waliokuja kutazama.

Godoro alihema, akatazama vyungu vilivyong'aa, akamtazama Afande.

"Nani kakuambia uoshe?"

Maneno mengi yalipanda mpaka mdomoni. Afande aliiweka brashi chini.

"Hakuna."

"Mimi nilitaka uchekeche udongo. Vyungu ni vya Profesa."

"Vyangu?" Profesa aliuliza.

"Vyako. Mtandao anahesabu mbegu. Simu weka pale dirishani."

Afande alinawa mikono, akaenda kuuchukua ule wavu wa kuchekechea. Wakati anainama kuchota udongo, alimwona Profesa ameshika chungu akikisugua kwa nje tu, na ndani kimebaki na tope. Alikitazama chungu kile, akauma mdomo, akachekecha.